Aliyekatwa na Chama Akamwangusha Waziri Kiongozi

Tarehe 23 Desemba 2019, katika jimbo la Jharkhand lililoko mashariki mwa India, zilitangazwa kura za viti vyote 81 vya Bunge la jimbo hilo. Kiti kimoja, cha Jamshedpur Mashariki, kilizungumzwa kuliko vingine vyote kwa pamoja. Saryu Roy, mgombea binafsi, alipata kura 73,945. Raghubar Das, aliyekuwa akitetea kiti hicho kwa tiketi ya Bharatiya Janata Party, yaani BJP, alipata 58,112. Tofauti ilikuwa kura 15,833. Das hakuwa mjumbe wa kawaida wa Bunge la jimbo. Alikuwa ndiye Waziri Kiongozi, mkuu wa serikali nzima ya Jharkhand, na kiti hicho alikuwa nacho mfululizo tangu mwaka 1995. Katika uchaguzi wa 2014 alikitetea kwa zaidi ya kura 70,000.

Kisa hiki hupendwa sana na watu wanaotetea haki ya mgombea binafsi, na mimi ni mmoja wao. Hukitaja kama ushahidi kwamba mwananchi asiye na chama, akiwa na jina safi na nauli ya kuzungukia mitaa, anaweza kumwangusha mkubwa yeyote. Nimekifuatilia kwa muda, na kadiri ninavyozidi kukisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kinashuhudia jambo tofauti kabisa. Ule ulikuwa ugomvi wa ndani ya chama ambao chama kilishindwa kuumaliza ofisini, wapiga kura wakaumalizia mezani kwa msimamizi wa uchaguzi.

Tuanze na mji wenyewe. Jamshedpur ni mji wa chuma, uliojengwa karibu na makutano ya mito Subarnarekha na Kharkai baada ya kampuni ya Tata kuanzishia hapo kiwanda chake mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina lake limetokana na Jamsetji Tata, mwasisi wa kampuni hizo. Kwa miongo mingi sehemu kubwa ya ardhi ya mji imekuwa mikononi mwa kampuni kwa mkataba wa kukodi kutoka serikalini. Kampuni ilipima viwanja, ikajenga nyumba za wafanyakazi, ikaweka maji, taa na barabara. Pembeni ya mpangilio huo, watu waliofuata kazi walijijengea wenyewe, kizazi baada ya kizazi, mpaka ikapatikana mitaa ambayo katika siasa za Jamshedpur huitwa kwa idadi yake: ile mitaa 86. Mtu anaweza kuwa amezaliwa humo, amelelewa humo na kuzikia wazazi wake kutoka nyumba hiyo hiyo, lakini hana hatimiliki. Kila uchaguzi, hati hizo huahidiwa upya.

Raghubar Das alitoka katika mazingira hayo hayo ya kiwanda. Alikuwa mfanyakazi wa Tata Steel kabla ya kuwa mwanasiasa, na madai ya wakazi wa mitaa hiyo ni miongoni mwa mambo yaliyompandisha. Mwaka 1995 chama chake kilimwacha mjumbe wake aliyekuwa na kiti, Dinanath Pandey, kikampa Das tiketi. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, kwa sababu katika siasa za vyama mlango ulioingilia ndio mara nyingi unaoonyeshwa kutokea. Das alishinda mwaka huo kwa tofauti ndogo, lakini alishinda tena kila uchaguzi uliofuata mpaka 2014. Jharkhand ilipotengwa na Bihar na kuwa jimbo kamili tarehe 15 Novemba 2000, alikuwa tayari ni mtu wa kuhesabiwa. Mwishoni mwa 2014 akawa Waziri Kiongozi wa kwanza asiyetoka katika jamii za Adivasi, wenyeji wa asili wa eneo hilo, na hatimaye akawa wa kwanza katika historia ya jimbo kumaliza miaka yote mitano.

Kumaliza miaka mitano Jharkhand si jambo dogo. Kabla yake serikali zilikuwa zikiundwa na kuvunjika kwa kura za watu wachache, na wagombea binafsi walikuwa na thamani kubwa bungeni humo kuliko pengine popote nchini India. Madhu Koda, aliyenyimwa tiketi ya BJP mwaka 2005, aligombea kiti cha Jagannathpur kama mgombea binafsi, akashinda, na Septemba 2006 akawa Waziri Kiongozi bila kuwa na chama. Alikaa madarakani hadi Agosti 2008. Baadaye alikamatwa kwa tuhuma za ufisadi katika leseni za madini, na mwaka 2017 mahakama ilimtia hatiani katika kesi moja ya makaa ya mawe. Kwa hiyo mtu wa Jharkhand akisikia neno mgombea binafsi, hafikirii lazima malaika. Anaweza pia kufikiria mjumbe mmoja anayesubiri kuona nani atamwita kwanza.

Saryu Roy ni miongoni mwa watu waliomfuatilia Koda kwa nyaraka na takwimu. Hata kabla ya hapo, katika miaka ya 1990, wakati eneo hilo bado likiwa sehemu ya Bihar, alikuwa mmoja wa walioipeleka mbele kesi kubwa ya lishe ya mifugo, ambamo fedha za idara ya mifugo zilichotwa hazina kwa ankara za malisho ambayo hayakuwahi kununuliwa. Hazina ya Chaibasa, si mbali sana na Jamshedpur, ndiko wizi huo ulikofichuliwa mapema mwaka 1996. Lalu Prasad Yadav, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Bihar, alijiuzulu mwaka 1997 na kutiwa hatiani mwaka 2013. Roy alijulikana pia kwa kampeni ya kuusafisha mto Damodar, uliokuwa ukipokea taka za migodi na viwanda. Ni mtu wa mafaili. Anasoma, ananakili, anaandika barua, na haogopi barua hizo zikisomwa na watu wasiokusudiwa.

Katika serikali ya Das, Roy alikuwa waziri aliyehusika na chakula, na hapo ndipo ugomvi wao ulipokolea. Mwishoni mwa Septemba 2017, mtoto wa kike wa miaka 11 alifariki katika wilaya ya Simdega, na familia yake ikasema hawakuwa na chakula kwa sababu kadi yao ya mgawo ilikuwa imefutwa kwa kutounganishwa na namba ya utambulisho wa taifa. Kadi nyingi zilikuwa zimefutwa kwa sababu hiyo. Roy, waziri mwenye dhamana, hakuitetea amri hiyo, bali alisema hadharani kwamba kadi hazikupaswa kufutwa kwa namna hiyo, na akamnyooshea kidole katibu mkuu, mtumishi wa umma wa ngazi ya juu kabisa katika serikali aliyokuwa yeye mwenyewe waziri wake. Waziri anayefanya hivyo anajua kwamba siku ya kupitisha majina itafika.

Siku hiyo ilifika Novemba 2019. BJP ilitoa majina ya wagombea kwa awamu, na kila orodha iliyotoka haikuwa na jina la Roy, ingawa alikuwa na kiti cha Jamshedpur Magharibi. Hakuambiwa kwamba amekatwa, na hakuambiwa kwamba amepitishwa. Wanaozijua siasa za vyama watakubaliana nami kwamba huko kuachwa ukining'inia huuma kuliko kukataliwa, maana aliyekataliwa anaweza kukasirika, ilhali anayening'inia analazimika kuendelea kupiga simu. Katikati ya mwezi huo Roy aliacha kusubiri. Alisema hahitaji tena tiketi, akajiuzulu uwaziri, kisha akafanya jambo ambalo watu wengi hawakulitarajia: badala ya kutetea kiti chake cha Magharibi kama mgombea binafsi, alivuka kwenda Mashariki, kwa Waziri Kiongozi mwenyewe.

Nadhani uamuzi huo ndio uliomshindisha. Angebaki Magharibi angekuwa mtu aliyenyimwa tiketi anayelilia kiti chake. Alipovuka, alikuwa anamwambia kila kada wa BJP mjini Jamshedpur kwamba kuna njia ya kutoa hasira yake bila kukihama chama.

Sheria ilimruhusu kufanya hayo yote katika siku chache. India haimtaki mgombea binafsi awe nje ya vyama kwa muda fulani kabla ya uchaguzi. Inamtaka tu awe na wapendekezaji 10 waliojiandikisha katika eneo hilo la uchaguzi, wakati mgombea wa chama kinachotambulika huhitaji mmoja tu, na aweke dhamana ya rupia 10,000, ambayo hupotea asipofikisha moja ya sita ya kura halali. Baada ya hapo hupewa alama kutoka katika orodha ya alama ambazo hazijashikwa na vyama, orodha iliyojaa vitu vya nyumbani na vya kazini. Roy alipata mtungi wa gesi.

Kwenye mashine ya kupigia kura, jina lake halikuwa karibu na la mpinzani wake. Majina hupangwa kwa makundi: kwanza wagombea wa vyama vinavyotambulika, kisha wa vyama vilivyosajiliwa tu, na mwisho kabisa wagombea binafsi. Kwa hiyo mpiga kura aliyeingia nyuma ya kile kiboksi cha siri alikutana na ua la yungiyungi la BJP mapema, akalazimika kuendelea kushuka na kidole, akipita alama za watu asiowajua, mpaka aufikie mtungi. Akibonyeza kitufe cha bluu, taa nyekundu inawaka mbele ya jina, na kwenye dirisha dogo la kioo pembeni kinaonekana kikaratasi chenye alama aliyoichagua, kwa sekunde saba, kabla hakijadondoka ndani ya sanduku. Watu 73,945 walifanya safari hiyo ya kidole kwa makusudi. Kura za mazoea, za mtu anayebonyeza ua kwa sababu baba yake alikuwa akibonyeza ua, zote zilikuwa za Das.

Kampeni yenyewe nitaipitia haraka, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikuwa kama kampeni nyingine zozote. Waziri Mkuu Narendra Modi alifika Jamshedpur siku chache kabla ya upigaji kura wa tarehe 7 Desemba kuwaombea kura wagombea wa chama chake. Roy alizunguka Birsanagar, Golmuri na kwingineko akizungumzia ufisadi na hatimiliki za ile mitaa 86, akiuliza kwa nini mtu aliyeingia bungeni kwa ahadi hiyo amekaa miaka 24, mitano kati yake akiwa mkuu wa serikali, bila kuitimiza. Hakuna jibu rahisi kwa swali kama hilo. Mwaka huo huo biashara ya magari ilikuwa imedorora India nzima, kiwanda cha Tata Motors cha Jamshedpur kilikuwa kikisimamisha uzalishaji kwa siku kadhaa kila mara, na karakana ndogo za Adityapur zinazotengeneza vipuri vyake zilikuwa zikiwapunguza vibarua. Das hakuusababisha mdororo huo. Lakini mtu aliyerudishwa nyumbani bila ujira hachambui uchumi wa taifa kabla ya kupiga kura.

Upande wa upinzani kulikuwa na mkanganyiko wa aina yake. Kiti hicho kilikuwa kimeachiwa chama cha Congress katika mgawanyo wa muungano wao, na Congress ilimsimamisha Gourav Vallabh, profesa wa fedha aliyepata umaarufu miezi michache kabla kwa kumuuliza msemaji wa BJP kwenye runinga trilioni tano zina sifuri ngapi. Wakati huo huo Hemant Soren wa chama cha Jharkhand Mukti Morcha, kiongozi wa muungano huo huo, alisema hadharani kwamba wapinzani wangefaa kumuunga mkono Roy. Profesa alibaki mtu wa tatu, kwa kura zisizofika 19,000.

Idadi hizo zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Mwaka 2014 Das alipata kura zaidi ya 100,000, na mgombea wa Congress aliyemfuata alipata takriban 33,000. Mwaka 2019 Das alipoteza zaidi ya kura 40,000 na Congress ikapoteza takriban 14,000. Hata tukidhani kwamba kila kura iliyoikimbia Congress ilikwenda kwa Roy, bado haiwezekani kumfikisha alipofika bila maelfu mengi ya watu waliokuwa wakimpigia Das. Hao hawakuwa wapinzani wa BJP. Wengi wao, miezi saba tu kabla, katika uchaguzi wa Bunge la taifa, walikuwa wamekipigia chama hicho hicho. Walikuwa watu wa nyumbani waliotaka kumwadhibu mtu mmoja, na Roy, aliyeishi ndani ya chama hicho miaka mingi, alikuwa mahali salama pa kuiweka kura ya hasira. Mgombea wa Congress angeshinda mijadala yote ya runinga na bado wasingemfuata.

Mashine za Jamshedpur zilifungiwa katika vyumba vya ulinzi baada ya tarehe 7, zikakaa humo siku 16 zikisubiri awamu nyingine tatu za upigaji kura zimalizike kwingineko Jharkhand. Mawakala wa wagombea huruhusiwa kuweka lakiri zao mlangoni na kukesha nje kulinda. Nimeshangazwa daima na uvumilivu huo wa Wahindi, kwa kuwa huku kwetu saa 24 tu za ukimya baada ya vituo kufungwa hutosha kuzaa uvumi wa kila namna.

Matokeo ya Jharkhand nzima yaliiondoa serikali. BJP, iliyotoka kujigamba kwamba ingevuka viti 65, iliishia na 25. Muungano wa Soren ulipata 47, na tarehe 29 Desemba akaapishwa kuwa Waziri Kiongozi. Kuanguka kwa mkubwa peke yake si jambo geni huko: mwaka 2014 Hemant Soren huyo huyo, akiwa Waziri Kiongozi, alipoteza kiti cha Dumka akaokolewa na cha Barhait alikogombea pia, na mawaziri viongozi wa zamani Arjun Munda na Babulal Marandi walishindwa. Tofauti ya 2019 ni kwamba aliyeshinda hakuwa na chama nyuma yake, na kwa kuwa Soren alikuwa na viti vya kutosha, hakuna aliyemhitaji. Koda alipata ukuu wa serikali kwa sababu hesabu za bunge zilikuwa zimekwama. Roy alipata nafasi ya kuuliza maswali.

Msomaji wa Tanzania atakuwa ameshajiuliza swali langu: je, haya yangewezekana kwetu? Kwetu Roy asingeweza kugombea, kwa sababu Katiba inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kwa miaka mingi, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema kwamba katazo hilo linakiuka haki. Katazo lingalipo. Kwa hiyo anayekatwa jina baada ya kura za maoni ana njia mbili, anyamaze au ahamie chama kingine, na akihamia chama kingine wale makada wenzake wenye hasira hawamfuati, kwa kuwa kumpigia kura yeye kunamaanisha kuipigia bendera nyingine. Kenya inaruhusu mgombea huru, ila Katiba ya 2010 inataka awe hajawa mwanachama wa chama kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Roy alikuwa waziri wa chama wiki tatu kabla ya kura kupigwa. Asingefuzu Nairobi wala Dodoma. Binafsi naona sharti la Kenya lina mantiki, kwani linataka mgombea huru awe huru kweli, lakini linawapa viongozi wa vyama sababu nzuri ya kuchelewesha majina. Chama kinachowaning'iniza watu mpaka muda upite hakina cha kuogopa.

Kilichotokea baadaye ndicho kinachonifanya niwe mgumu kukishangilia kisa hiki kama wenzangu. BJP haikumtupa Das. Oktoba 2023 aliteuliwa kuwa Gavana wa Odisha, jimbo jirani. Agosti 2024 Roy alijiunga na Janata Dal (United), chama mshirika wa BJP, na katika uchaguzi wa Novemba mwaka huo alirudi Jamshedpur Magharibi, safari hii akiungwa mkono na watu wale wale waliomnyima tiketi, akamshinda Banna Gupta wa Congress aliyekuwa waziri wa afya. Kiti cha Mashariki BJP ilimpa Purnima Sahu, mke wa mtoto wa Das, ambaye hakuwahi kushika kiti chochote kabla ya hapo. Alishinda kwa zaidi ya kura 42,000. Mwezi uliofuata Das alijiuzulu ugavana akarudi kwenye siasa za chama.

Ile mitaa 86 nayo iliahidiwa tena hatimiliki katika kampeni hizo. Muungano wa Soren ulishinda tena, kwa hiyo Saryu Roy sasa anakaa upande wa upinzani pamoja na wajumbe wa BJP, akiwemo mkwe wa Raghubar Das.